Shangazi Karambu, Wamelichonga Jina Lako kwenye Kikombe

Shangazi Karambu mpendwa,

Nimekasirika. Ningetaka kuanza kwa salamu ndefu kama ulivyonizoesha, nikuulize habari za huko uliko, nikwambie kwamba migomba yako ya Muthara imezaa vizuri na dada zako wanazozana kuhusu nani ana haki ya kuvuna. Lakini nimekasirika, na tangu nikiwa mdogo wewe ndiye niliyekuwa nakukimbilia nikiwa katika hali hii. Wengine wote nyumbani waliniambia ninyamaze. Wewe uliniuliza ni nani amenikosea.

Basi sikia ni nani. Kampuni yako, ile uliyoiuzia mbegu za viazi na dawa za shamba mpaka magoti yakakataa kupanda milima, imelichukua jina lako ikalichonga kwenye kikombe cha dhahabu bandia. Kinaitwa Tuzo ya Karambu, na kinapewa muuzaji aliyewashinda wenzake wote kuanzia Embu hadi Meru. Chini ya jina lako wameandika: "Hakuna Mteja Anayekataa." Wewe, Shangazi! Wewe uliyekataliwa na nusu ya Buuri na ukarudi nyumbani ukicheka.

Barua hii naiacha wazi, aisome anayetaka. Walikusema vibaya ukumbini, na siwezi kukujibia kwa kunong'ona. Kwa hiyo nitaeleza hata mambo unayoyajua vizuri kuliko mimi, ili asiyekufahamu aelewe kwa nini damu inanichemka.

Nilipokuja kwako nilikuwa nimetoka chuo pale Embu na cheti changu cha masoko, nikijiona nimefika. Nilijua maneno yote. Kitu ambacho sikujua ni kusimama mbele ya mtu mwenye jembe mkononi na kumwambia kitu kinachomfaa. Ulinipeleka Kibirichia msimu ule wa kupanda, asubuhi ya ukungu, na mama wa kwanza tuliyemwendea akaniambia, "Nyinyi watu wa kampuni, mnakuja tu mvua ikikaribia. Waru ikioza, hivi viazi vyenu, hamwonekani." Akageuka akaendelea kulima. Mimi nikataka tuondoke haraka, mashavu yananiwaka. Wewe ukamwambia, "Mama, umesema kweli. Tusaidie tu maji ya kunywa, tuendelee na safari."

Akatuletea maji. Tukanywa tukiwa tumesimama, ukamsifia ng'ombe wake, tukashukuru, tukaenda. Njiani nikakuuliza maji ni ya nini na hata kiu hatukuwa nayo. Ukasema, "Ukikataliwa usitoke kwa mtu kama mwombaji. Toka kama mgeni. Mgeni anaweza kurudi." Msimu uliofuata tulirudi kwake, naye ndiye aliyeleta kiti.

Kisha kulikuwa na mavuno. Hakuna mtu mwingine pale kazini aliyekuwa akienda kwa wakulima wakati wa mavuno, kwa sababu wakati huo hakuna anayenunua mbegu. Wewe ndipo ulipokuwa ukivaa viatu vyako vya mpira. Ulinipeleka nyumba kwa nyumba kula viazi tulivyowauzia mbegu yake. Pale vilipokuwa vizuri tulikula na kusifu, na pale vilipokuwa vidogo au vyenye madoa tulikula vilevile, mwenye shamba akitutazama usoni. Nakumbuka boma moja ambapo viazi vilikuwa kama vidole, na yule baba akasema kwa uchungu, "Kula, Karambu. Kula tu. Ni yako hiyo." Ukala mpaka ukamaliza sahani. Ukamwuliza alipanda lini, alinyunyiza nini, maji ya mvua yalisimama wapi. Kesho yake ukaenda ofisini kusema kwamba mbegu ile haifai upande ule wa mlima, na ukagoma kuiuza tena huko, bosi wa wakati huo akapiga meza mpaka akachoka.

Siku hizi wanatuambia tuongeze bidii, Shangazi. Wanatuambia tuamke, tujitazame kwenye kioo na tuseme, "Mimi ni simba." Naapa sikudanganyi. Bosi wetu Njeru anatutumia ujumbe wa simba huyo kila asubuhi kabla sijapiga mswaki. Na mimi nakumbuka ile asubuhi nilipojifunika blanketi nikakwambia sirudi tena kule juu, kwamba nimechoka kufukuzwa na mbwa na wenye mbwa, na kwamba kazi hii si yangu. Hukuniambia mimi ni simba. Ulikaa kitandani ukaniuliza, "Ni nani ulimuuzia msimu uliopita na sasa anafurahi?" Nikamtaja mwalimu mmoja mstaafu. Ukasema, "Anzia kwake. Usiuze kitu. Kunywa chai, tazama shamba lake, halafu ndiyo uende kwa wale wa kukufukuza." Nilienda. Yule mwalimu akanishika mkono akanizungusha shamba lote kana kwamba ni mimi niliyelima. Mchana ule niliuza kuliko wiki nzima iliyotangulia, na mpaka leo nikilemewa ndivyo ninavyofanya. Hicho ndicho kilichonikuza kazini. Simba hajawahi kunisaidia.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ulikuwa na desturi yako moja ambayo kila mtu aliijua. Kabla hujafungua mkoba, uliuliza, "Na nyinyi ni wa ukoo gani?" Wazee walipenda swali hilo. Wengine walianza kuhesabu mababu mpaka chai ikapoa. Mimi nilidhani ni uzee unaanza kukuingia, mpaka siku ile tulipokuwa kwa Mzee M'Ikiara.

Wewe unakumbuka. Mzee M'Ikiara ana shamba lake pale Kibirichia, mbali na barabara, mahali pakavu kiasi. Alikuwa ametupokea vizuri na alikuwa akiihitaji mbegu. Nilikuwa nimeshaanza kuona mauzo kichwani. Ukamwuliza ukoo. Akautaja. Ukacheka, ukasimama ukamshika mkono tena upya, kwa mikono yote miwili. Halafu ukafunga mkoba! Ukamwelekeza dukani kwa mtu mwingine, duka la pembejeo, agrovet, kule sokoni, ukamwambia atazame mbegu mwenyewe na aulize bei mwenyewe. Tukanywa uji tukaondoka.

Nilikukasirikia njia nzima. Ndipo uliponieleza gichiaro, ambayo mimi nilikuwa nimeisikia nyumbani kwa juu juu tu. Ukoo wetu na ukoo wao walikula kiapo zamani wakawa ndugu. Mtu wa gichiaro akikuomba kitu humkatalii, na wewe ukimwomba hakukatalii. Wala humdanganyi, kwa maana laana yake haiishii kwako. Ukaniambia, "Yule mzee nikimwambia anunue jiwe, atanunua. Sasa hapo nitakuwa nimeuza, au nitakuwa nimemnyang'anya?"

Nikakuuliza, "Kwa hiyo unauliza ukoo ndiyo ujue wa kutomuuzia?"

"Ndiyo ujue ni nani lazima umwache achague," ukasema. "Yule wa kuweza kunifukuza, huyo nitapambana naye mpaka jioni."

Miaka yote iliyofuata nimefanya kazi hivyo. Nimepoteza mauzo, ndiyo. Na sijawahi kubadilisha njia ili nisikutane na mtu niliyemuuzia.

Halafu ukaugua, na ugonjwa wa sukari ukakumaliza, tukakuzika Muthara. Ulizikwa na watu wengi, Shangazi, wakulima walikuja kutoka kote, wengine na magunia ya viazi mgongoni kwa ajili ya jikoni. Njeru alikuwa ndiyo ameletwa kuwa bosi wa mauzo. Hakukujua hata kwa sura, lakini alikuja na fulana za kampuni, akasimama mstari wa mbele. Mmoja wa wazee wenzako wa kazi akasema kwenye kipaza sauti, "Karambu hakumuuzia mtu kitu kabla ya kumuuliza ukoo wake!" Watu wakacheka kwa machozi, kwa sababu walikuona hapo, umekaa kwenye kigoda, unauliza. Njeru naye akacheka. Akatoa simu akaandika kitu. Mimi niliona, na nilidhani anaandika jina la marehemu asije akalikosea.

Kumbe alikuwa anaandika somo.

Alituita Embu kwa mafunzo. Hoteli, viti vyenye vitambaa, chai na maandazi, na picha yako ukutani kubwa kuliko mlango. Nilipoiona nililia, nikadhani wanakukumbuka. Njeru akapanda jukwaani akasema, "Huyu mama aliuza milimani bila gari, bila projekta. Mnajua siri yake? Aliuliza ukoo! Alikuwa anatafuta undugu, akishaupata, anafunga mauzo. Customer atakataaje ndugu yake?" Akageukia maajenti wetu wa Meru. "Nimeambiwa kuna kitu yenu inaitwa gichiaro. Mkimwomba mtu, hawezi kusema hapana. Na mmeikalia tu? Hiyo ni silaha!"

Watu walipiga makofi. Nisiwe mnafiki, wengi wao walikuwa watu wazuri wenye watoto na kodi ya nyumba, na waliambiwa na mkubwa wao kwamba hii ndiyo njia yako. Wa Embu na wa Mbeere hawakuielewa vizuri gichiaro hiyo. Wetu waliielewa. Niliona wawili watatu wakitazama chini. Lakini mtu hatazami chini kwa muda mrefu akiwa na target ya mwezi.

Niliinua mkono. Nilisema, "Bwana Njeru, Shangazi aliuliza ukoo ili asiwauzie hao." Akatabasamu ile tabasamu ya kumpa mtoto pipi. "Madam Nkatha, asante. Ona sasa unyenyekevu! Ni wa familia." Makofi tena. Kikao kikaendelea, nami nikakaa na maneno yangu mdomoni kama tonge la moto.

Ilichukua msimu mmoja tu. Nilipigiwa simu na Mzee M'Ikiara mwenyewe. Hakusema shida yake, alisema tu, "Njoo, mtoto wa Karambu. Uje unisalimu."

Nikaenda. Alinikaribisha ndani na pale sebuleni, juu ya meza ndogo, palikuwa na kitu kimefunikwa kwa shuka safi. Akakifunua. Ilikuwa pampu ya maji, Shangazi, zile ambazo kampuni imeanza kuziuza. Mpya, nyekundu, haijawahi hata kulowa. Unalijua shamba la M'Ikiara. Hakuna mto. Hakuna kisima. Maji ya kunywa yanabebwa na punda.

"Mzee, hii ya nini?" nikamwuliza.

"Ni ya kijana wenu," akasema. "Anaitwa Mutwiri. Alikuja na heshima sana. Akaniuliza ukoo, nikamwambia. Akasema yeye ni wa kwenu. Akasimama, akaniambia, mzee wangu, kwa gichiaro, nakuomba uchukue hii mashine."

"Hukumwambia huna mto?"

"Nilimwambia. Akasema serikali italeta maji." Akaipanguza pampu vumbi ambalo halikuwepo. "Nilikuwa na ndama jike. Nikauza."

Alilisema bila kulalamika. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Ndama jike kwa mzee wa umri ule, Shangazi, ni maziwa ya uzeeni. Na Mutwiri si mgeni kwamba hakujua anachokishika. Ni kijana wa kwetu Muthara, wa ukoo wetu, ana mke, ana akili, muuzaji hodari wa kweli ambaye angeweza kumuuzia mtu yeyote chochote kwa mdomo wake tu. Kwa nini achukue lile neno? Nilitamani nimpate hapo hapo nimvute masikio.

Mzee akaketi. Akaniangalia, nikajua kinachokuja. "Sasa na mimi nakuomba," akasema. "Wewe ni wa ukoo ule ule. Kwa ule undugu wetu, irudishe hii kitu kule ilitoka."

Kampuni yetu hairudishi bidhaa, unajua. Ukishalipa umelipa. Lakini mimi nilikuwa nimeombwa, na nilijua sina mlango wa kutokea. Nikasema, "Nimesikia, mzee." Nikaibeba.

Wiki hiyo hiyo ndiyo kulikuwa na sherehe Embu ya kutoa kikombe kwa mara ya kwanza. Na Njeru alikuwa ameniita ofisini kabla yake, akafunga mlango, akaniambia anataka nisimame mbele nimkabidhi mshindi kwa mikono yangu, kama mtu wa damu yako. Nithibitishe tu kwa maneno machache kwamba hiyo ndiyo njia uliyonifundisha. Baada ya hapo ningekuwa msimamizi wa kanda yote ya Meru. Nafasi ambayo uliiomba wewe, Shangazi, na wakakwambia huna cheti. Nilipomwuliza mshindi ni nani akasema, "Mutwiri. Huyo kijana ni moto. Pampu zote za stoo amemaliza."

Nitakuambia ukweli. Nililala na jambo hilo. Mimi nina watoto shuleni, na kusimama jukwaani kusema sentensi mbili si kazi ngumu. Nilifikiri kwamba nikiwa msimamizi ningeweza kuwazuia kutoka ndani. Nilijidanganya hivyo usiku mzima, kisha kukakucha na pampu ilikuwa pale mlangoni.

Nikaipakia kwenye gari la kwenda Embu, nikailipia kiti kama abiria. Nilipoingia nayo ukumbini, nimeikumbatia, Njeru akaniona kutoka jukwaani akafurahi! "Mmeona madam? Amekuja na bidhaa! Hiyo ndiyo kujituma!" Watu wakasimama. Nikapanda jukwaani huku napigiwa makofi, nikaitua juu ya ile meza yenye kitambaa cheupe, kando ya kikombe chako. Mutwiri alikuwa amekaa kiti cha mbele, suti mpya. Alipoiona ile pampu, uso wake ulibadilika. Aliijua.

Nilishika kipaza sauti. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, yakapotea yote. Nikasema hivi: "Hii pampu imetoka kwa mzee asiye na mto. Aliombwa kwa gichiaro akauza ndama. Shangazi yangu alikwenda kwa mzee huyo huyo, akakuta ni gichiaro, akafunga mkoba. Nilikuwepo. Mmechonga uongo kwenye kikombe, tena kwa jina la mtu aliyelala. Lifuteni. Na mzee ameomba mashine yake irudi, mimi nimeirudisha. Mpeni chake."

Halafu, Shangazi, hutaamini masikio yako: Njeru akapiga makofi. Akachukua kipaza sauti akasema, "Mmesikia huo moyo? Huo ndio moyo wa kuuza!" Na watu, wakiwa hawajui la kufanya, wakapiga makofi pia. Mutwiri akaitwa. Akapanda akiwa ameinamisha kichwa, akapokea kikombe, akapigwa picha. Mimi nikashuka. Pampu ikabaki mezani, na katika picha inaonekana vizuri, kama vile imewekwa kwa urembo.

Nje, kwenye maegesho, Njeru alinifuata akiwa ameshaacha kutabasamu. "Umeniaibisha mbele ya wakubwa," akasema. "Nilikuwa nakupa Meru. Unaelewa? Kanda nzima. Nenda kaombe radhi kwenye kundi la simu, uandike ulikuwa na uchungu wa msiba, na tutasahau."

Nikamwambia, "Hapana."

"Hapana ya nini?"

"Ya yote. Ya kuomba radhi na ya Meru."

Kwa hiyo sasa sina eneo la Buuri wala la Tigania. Wateja tuliowatafuta mimi na wewe kwa miguu wamegawiwa watu wengine, na mimi nimeambiwa nisubiri nyumbani mpaka wakubwa waamue. Nakaa tu nikitazama simu. Ujumbe wa simba bado unakuja kila asubuhi, hata huo hawajakumbuka kuniondolea. Nilichoshindwa kuvumilia si hilo la kazi. Nimefukuzwa na mbwa, kufukuzwa kazi hakuwezi kunitisha. Nilichoshindwa kuvumilia ni kwamba jina lako lilikuwa limewekwa juu ya kabati la Mutwiri, likisema kitu ambacho ungetapika ukikisikia, na mimi sikuwa na uwezo wa kulitoa pale.

Juzi Mutwiri akanipigia. Nilitaka kukata. Lakini sauti yake haikuwa ya mwenye kikombe.

"Dada Nkatha," akasema, "nilienda kwa yule mzee."

"Kufanya nini? Kumuuzia mashua?"

"Acha, dada. Nilienda aniseme. Niliamua kama atanifukuza, anifukuze. Hata kama angenitupia fimbo, sawa. Lakini alinikaribisha. Akaniwekea kiti chake. Akaambia mama alete chai. Hakuweza kunifukuza, dada. Hata mimi niliyemnyang'anya. Nilikunywa hiyo chai kwa aibu."

Sikumhurumia, Shangazi. Nisamehe, wewe ungemhurumia. Mimi nilimwuliza kwa ukali, "Halafu?"

"Halafu nikamwambia nitakurudishia ndama, mzee. Nikamwomba aniambie lingine lolote analotaka. Akasema ndama nilete nikipata, hana haraka. Akasema ana kitu kimoja tu anataka kuniomba, kwa gichiaro." Nikamsikia akivuta pumzi. "Amesema Karambu alimheshimu akamwacha achague. Amesema nikirudishe hicho kikombe mahali nilikitoa, na jina la Karambu lisiwe juu yake."

Nilikaa chini. Mzee aliyepoteza ndama wake aliulizwa anataka nini, na akakuombea wewe. Sikuwa nimelia tangu siku ya ile picha yako ukutani, Shangazi. Nililia pale, nikiwa na simu sikioni.

"Watanitoa kazini," Mutwiri akasema. "Nitafanyaje?"

"Umeombwa," nikamwambia. "Unajua utafanyaje."

Jana akaenda. Alianzia kwa fundi wa vyuma kule Meru mjini, akamwambia asugue jina lako na yale maneno ya chini mpaka bati likabaki tupu, kisha akashuka na kikombe hadi Embu akakiweka mezani kwa Njeru mbele ya watu wa ofisi. Najua kwa sababu haikupita saa moja kabla Njeru hajanipigia, akifoka mpaka simu inakwaruza. "Umemfanyia nini kijana wangu bora? Ameharibu tuzo, amekataa kuichukua tena, amekataa kuuza pampu! Namwuliza kwa nini, ananiambia tu ameombwa! Ameombwa na nani?"

"Na mtu ambaye hawezi kumkatalia," nikamjibu. "Si ndiyo silaha uliyosema tumeikalia?"

Alikata simu. Jina lako limerudi nyumbani, Shangazi. Sijui Jumatatu nitakuwa na kazi au la, lakini hilo limerudi, na aliyelirudisha ni mzee mmoja wa Kibirichia uliyekataa kumuuzia mbegu.

Kaa kwa amani huko uliko. Nikipata nafasi nitapanda Muthara nizungumze na dada zako kuhusu ile migomba kabla hawajashikana.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
Nkatha